Ukuta wa Mkaa wa Tiya Soling

Wasikilizaji wapendwa, leo sikai. Fundi mitambo wangu amenisukumia kiti mara mbili, na mara mbili nimekirudisha ukutani. Nimetoka makaburini, viatu vina matope, na kama mjuavyo mtu hatoki makaburini akaenda nyumbani moja kwa moja, asije marehemu akamfuata hadi kwake, kwa hiyo nimepitia hapa. Nikikaa nitanyamaza, na nikinyamaza mtadhani umeme umekatika. Nitasema nikiwa nimesimama, kama alivyozoea kusema yeye.

Yeye ni Consolacion Parreño. Sisi wa Pototan tulimwita Tiya Soling, shangazi wa mji mzima. Mgahawa wake uko nyuma ya soko, pale penye mlango wa bluu usiofungika. Alifariki Jumatano iliyopita, amezikwa leo asubuhi. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Hakuzaa, lakini ameacha mtoto. Mtoto huyo ni Rovelyn, binti wa mdogo wake Gemma. Ana miaka tisa, na kwa miaka mitatu hakuwa na darasa jingine isipokuwa jiko la Tiya Soling. Sasa mwalimu wake hayupo. Nani atamfundisha? Hilo ndilo linalonizuia kukaa, na nitalirudia, mnivumilie.

Wengi mlimjua kwa mchuzi wake wa mbaazi, nguruwe na fenesi. Mlimjua pia kwa kutotulia. Wanawake wa sokoni wanaapa hawajawahi kumwona kwenye kiti. Alikula amesimama. Kanisani padri akisema tuketi, yeye aliegemea nguzo. Kaka yake, Ambo, aliniambia jana msibani, "Huyu, mama yetu alimzaa akiwa njiani kwenda sokoni, na mpaka wiki iliyopita alikuwa hajafika." Tulicheka hadi mama anayeongoza sala akatukoholea. Hata kifo kilimkuta hivyo hivyo. Alianguka mbele ya sufuria, mwiko mkononi.

Rovelyn ni wa aina hiyohiyo. Mama yake, Gemma, yuko Hong Kong, analea watoto wa watu, na wake akamwachia dada yake. Mtoto akapelekwa darasa la kwanza. Akashindwa kukaa. Wakamhamishia nyuma, kisha mlangoni, kisha barazani na kiti chake, na hicho kiti nacho hakukikalia. Ikafika mahali akiona sare asubuhi anajikojolea. Siku moja Tiya Soling akaenda kumchukua. Walisemezana nini na mwalimu, sikuambiwa. Najua walirudi wameshikana mikono, na tangu hapo ile sare ikawa kitambaa cha kuipulia sufuria motoni.

Watu wakasema, na mnajijua. Kwamba mpishi atamfundisha mtoto nini, kukaanga vitunguu? Tiya Soling akawajibu, "Kitunguu nacho kinagawanyika. Njoo uone." Akamwandikisha shule moja ya mjini Iloilo inayokubali watoto wasomee nyumbani na kupimwa mwisho wa mwaka. Hakununua dawati, wala vitabu vya rangi. Alitazama jikoni kulikuwa na nini, akaanzia hapo.

Trei ya mayai, ikiwa tupu, ilikuwa hesabu za kuzidisha. Rovelyn alipanga ndimu ndogo kwenye vishimo, safu kwa safu, akiimba majibu, na akikosea ndimu zinarudi kwenye kikapu. Kusoma alijifunzia kwenye makopo ya sadini na pakiti za sabuni. Jiografia ilikuwa kumkimbilia kila muuza mboga na kumuuliza kabichi yake imetoka wapi, halafu kurudi na kuonyesha kwa kidole upande wa mji huo. Mvua ikinyesha walikwenda mtoni na mwanzi wenye alama kupima maji yamepanda kiasi gani. Somo lilikatika mteja akiingia, likaendelea mteja akitoka. Mtoto alijifunza akiruka, akikoroga, akimenya. Mwisho wa mwaka wa kwanza, kule Iloilo, aliomba afanye mtihani amesimama. Wakamruhusu. Akafaulu.

Sasa nije kwenye ukuta, maana huo unanihusu.

Ukuta wa jiko ule umepakwa chokaa. Kila asubuhi mimi nikisoma hapa utabiri wa hali ya hewa, Rovelyn anachukua kipande cha mkaa na kuandika: Manong Teryo amesema jua. Manong, yaani kaka, ndiye mimi. Jioni anaandika pembeni kilichotokea. Kesho yake Tiya Soling anakagua, anaweka vema au kosa, kisha anabandika dole gumba lake lenye masizi kama mhuri. Gharama yake hakuna. Mkaa upo, ukuta upo, na mimi nipo, napiga kelele bure.

Halafu ananipigia simu. "Teryo, jana ulisema jua. Nguo zetu zimelowa na mtoto amekupa kosa." Nilikuwa namwambia utabiri si wangu, naletewa karatasi. Naye anasema, "Mdomo ni wa nani?" Wasikilizaji wapendwa, nilianza kutoa kichwa dirishani kabla ya kusoma. Mtu mzima, miaka ishirini hewani, namwogopa mtoto mwenye mkaa.

Siku moja nilimuuliza kwa nini asimfundishe mtoto mambo ya maana, asiniandame mimi. Akaacha kukoroga, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Akasema, "Huyu ameahidiwa vitu vingi kwa simu. Nataka ajue kwamba mtu akisema ya kesho, yanaandikwa kwanza. Halafu tunangoja." Nilinunua mchuzi nikaondoka.

Narudia kwa waliochelewa kuwasha redio. Tiya Soling wa mgahawa wa nyuma ya soko amefariki. Amezikwa leo. Na ameacha mwanafunzi mmoja.

Gemma alifika Jumamosi. Mwajiri wake amempa likizo fupi, na tiketi ya kurudi ni ya Alhamisi hii. Tangu afike hakusimama mahali pamoja. Alizunguka na sinia ya kahawa na biskuti kana kwamba wageni ndio waajiri wake. Kila mtu alikuwa na shauri. Wengine, mtoto arudishwe shuleni, atazoea. Wengine, Ambo amchukue, lakini Ambo yuko barabarani mchana kutwa na nyumba yake imejaa. Gemma aliitikia kila shauri na hakuchagua hata moja.

Leo asubuhi wabebaji wakaja. Mnajua kabla jeneza halijatoka watoto wa nyumba hupitishwa juu yake, wakapokelewa upande wa pili, ili marehemu aende zake asiwarudie. Wajukuu wa Ambo wakapitishwa mmoja mmoja. Ikafika zamu ya Rovelyn.

"Njoo, Inday," Ambo akamwambia, kama tunavyowaita mabinti wetu.

"Sitaki."

"Ni mara moja tu. Nimekushika."

"Mkinipitisha hatarudi."

Mama wa sala akainama kwake, akamwambia kwa upole kwamba hiyo ndiyo maana yake, asirudi kumsumbua.

"Hajawahi kunisumbua," mtoto akasema. "Na hajakagua ukuta."

Hapo nilielewa, na nilitamani nisingeelewa. Siku zote za msiba, nyumba imejaa watu na karata, yule mtoto alikuwa akiingia jikoni asubuhi kunisikiliza na kuandika, na jioni kuandika tena. Nafasi ya dole gumba aliiacha wazi. Alikuwa anamngoja.

Gemma akaweka sinia chini. "Mimi nitakagua," akasema.

"Wewe unaondoka Alhamisi."

"Siondoki."

Sote tunajua mshahara wa Gemma unafanya nini katika ukoo ule: paa, dawa za baba yao, ada za watoto wa Ambo. Ambo akamvuta dada yake mkono. "Gemma, hayo ni maneno ya msibani. Usimwambie mtoto."

Rovelyn hakulia. Aliingia jikoni, tukasikia kopo likigongwa, akarudi na kipande cha mkaa. Akakiweka kwenye kiganja cha mama yake.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Hicho ulichosema."

Wabebaji walikuwa wameshanyanyua mabega, wakayashusha. Gemma aliingia jikoni, mimi nikawa mlangoni. Chini ya jina langu, pale panapoandikwa utabiri, akaandika: Ijumaa, Mama yupo. Mkaa ulimvunjikia katikati ya neno, akamalizia na kipande. Rovelyn akasoma herufi kwa herufi. Kisha kwa ukucha akachora mstari kwenye chokaa, pembeni, kuacha nafasi ya jibu. Akafuta mikono kwenye gauni lake jeupe, mbele ya watu wote, akarudi kwa mjomba wake na kusema, "Haya, nipitishe."

Ambo akamnyanyua. Ile miguu isiyotulia ilitulia. Akiwa juu ya jeneza alitazama chini kwenye kioo cha kifuniko, usoni pa Tiya Soling, akasema kitu ambacho sikukisikia na sikuuliza. Upande wa pili alipokelewa na Gemma.

Halafu makaburini mvua ikanyesha. Jana niliwaambia jua. Watu walinitazama, na kutoka chini ya mwavuli nikasikia sauti ndogo: "Kosa, Manong Teryo." Nimefurahi kusikia, na nimeumia, yote kwa pamoja.

Baada ya mazishi nilimfuata Gemma. Nikamuuliza waziwazi kama ataondoka. Akasema, "Manong, mkono wangu bado una mkaa. Niache kwanza ninawe." Kulikuwa na ndoo ya maji pale pale, na hakunawa. Kwa hiyo sijui. Ambo hajui. Nadhani Gemma mwenyewe hajui, na ndiyo maana mnanisikia natembea mpaka kipaza sauti kinalalamika.

Kwa Ambo, kwa Gemma, kwa baba yao mzee na ukoo wote wa Parreño, sisi wa studio tunawapa pole. Tumempoteza mtu aliyetusikiliza kwa makini kuliko tulivyostahili. Apumzike, ingawa kumwombea Tiya Soling apumzike ni kama kumwombea adhabu.

Na nyinyi, wasikilizaji wapendwa, leo mkizima redio jiulizeni jambo moja. Mtoto wenu akiwaletea mkaa, ni lipi kati ya yale mliyomwambia mtathubutu kuliandika?

Utabiri wa kesho, karatasi inasema mawingu, mvua mchana. Nimetoa kichwa dirishani, naafiki. Rovelyn, andika. Ijumaa asubuhi nitapita pale kunywa kahawa. Atakayenitangulia asiseme neno, atazame tu kama ile nafasi ya dole gumba imejazwa.