Neno la Kusema Mbele ya Mukwe

Kutoka Kasongo tulipanda juu ya kamio ya mizigo, tukakalia mifuko ya chumvi. Jirani yangu, Zacharie, alikuwa amemaliza mafunzo ya siku tatu ya kuongelea kanseri bila haya. Brevet, karatasi ya kumaliza mafunzo, aliifunga ndani ya plastiki isilowe. Ujasiri, nadhani, aliusahau Kasongo.

"Nifundishe basi, baba," alisema Célestine, muuza mawese aliyekaa karibu nasi. "Kanseri ya nini?"

"Ya... fasi mutoto mudogo anakulia."

"Ku sahani?"

Nilicheka mpaka nikameza vumbi. Zacharie akajitetea kwamba huko mafunzoni alisema vizuri, wakamupigia makofi. "Lakini kwetu kijijini Wamaza, siku nitafundisha, mama mukwe atakaa mbele. Mimi nikimuona njiani, ninaingiaka mu majani, ni heshima yetu. Nitamutajia maziwa namna gani?"

"Atasikia kwa mwingine."

"Mwingine hakuna. Na bibi yangu niliyeoa anasema mama yake hapakati tena mutoto upande wa kushoto. Mama mwenyewe anasema ni baridi tu."

Célestine akamusukuma kwa kiwiko. "Jaribu sasa hivi. Sema kwa nguvu. Na hii moteri inavyonguruma, nani atakusikia?"

Zacharie akavuta pumzi. "Wamama! Mushike maziwa yenu, muangalie kama iko kitu kigumu!"

Kumbe tulikuwa tumefika, na dereva alikuwa amezima moteri. Soko lote la Wamaza likageuka. Zacharie akajitupa nyuma ya mifuko, maana mukwe wake alisimama pale chini, beseni kichwani. Kwa desturi, naye angekimbia. Lakini alitua beseni, akangoja kusikia yaliyobaki.