Boksi la Chini ya Meza

Mimi kazi yangu ni kahawa. Nasema mapema, maana kwenye kona hii mtu akikaa benchini dakika tano tu anajikuta ameajiriwa kazi ya pili, ya kujua kila kitu. Benchi limeegemea ukuta wa Kinyozi. Kulia kuna kibanda cha Mzee Funguo, mchonga funguo, na kushoto nipo mimi na jiko langu. Kinyozi ana tabia ya kunyoa nusu kichwa, akasikia ubishi nje, akamwacha mteja na kitambaa shingoni. Injinia alikuwa mlinzi wa getini kwenye ofisi ya kompyuta miaka saba, akatoka pale na jina hilo na beji iliyofutika. Bi Nukta ni fundi cherehani; akishasema lake husema "nukta", na kwake limekwisha. Asubuhi hiyo Mzee Funguo alikuja amekumbatia kitu kilichofungwa kwa shuka jeupe, anatembea kwa kukwepa mashimo, nikajua birika moja halitatosha.

Kinyozi: Mzee, hongera. Kazaliwa nani?

Mzee Funguo: Acha utani. Ni kompyuta ya binti yangu. Tangu jana naiwasha, inaleta maneno mawili, halafu giza.

Bi Nukta: Na yeye si anarudi leo?

Mzee Funguo: Basi la usiku, linaingia asubuhi hii. Saa yoyote kuanzia sasa. Ndiyo maana mnaniona hivi.

Hapo hata mimi niliacha kuosha vikombe. Binti yake huyo anasomea uuguzi. Miaka miwili amezunguka nyumba kwa nyumba akiwauliza kina mama waliojifungua, akirudi anaandika, mpaka zikafika kurasa mia na arobaini. Chuo wanazitaka kesho saa nne asubuhi. Asipozipeleka hapati cheti, anarudia mwaka mzima, na mwaka mwingine wa ada Mzee Funguo hana. Wiki mbili hizi binti alikuwa mafunzoni hospitali ya mbali, na wiki iliyopita mvua ikanyesha, paa likavuja, maji yakaingia chumbani kwake.

Mzee Funguo: Nilihamisha vitu vyake vyote vya kazi. Kioo, kibodi na mausi. Kioo nikakilaza kitandani kwangu, mimi nikalala chini.

Kinyozi: Siku ngapi?

Mzee Funguo: Sita. Mgongo sina.

Alilifungua shuka, akaiweka kibodi benchini, akabaki na kioo. Hakikuwa na hata alama ya kidole. Kinyozi akavuta ekstensheni kutoka dukani, tukachomeka. Kikawaka bluu, yakatokea maneno mawili ya Kizungu, kikazima.

Injinia: Inasema haina ishara.

Mzee Funguo: Ishara ya nini?

Injinia: Ishara. Mawasiliano. Tusiwe na haraka, simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Bi Nukta: Simba kaingiaje hapa? Ishara si antena? Nina waya wa kutundikia nguo, niulete?

Akaleta. Wakauinua juu ya benchi, wakaugeuza kushoto na kulia. Mwanamke mmoja mpita njia akauliza kama kuna mpira. Kioo hakikubadilika.

Kinyozi: Mimi naona kimelala tu. Kompyuta hulala. Ukitikisa mausi inaamka.

Mzee Funguo: Mausi ninayo.

Akaitoa mfukoni, mkia wake unaning'inia haujagusa kitu. Kinyozi akaitikisa juu ya benchi, kwanza taratibu, halafu kama anachekecha unga.

Kinyozi: Usingizi mzito huo.

Injinia: Si usingizi, ni memori. Memori imejaa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa ndiyo hivi. Mzee, kinyanyue kidogo. Unauonaje uzito wake?

Mzee Funguo: Kizito.

Injinia: Siku mnakinunua kilikuwa kizito hivi?

Mzee Funguo akafikiri kwa haki kabisa.

Mzee Funguo: Siku ile nilikibeba kwa mkono mmoja.

Injinia: Umeona? Kurasa mia na arobaini hizo, zimo mle.

Mimi: Miaka mitatu imepita, Injinia. Si kioo kilichoongezeka uzito, ni Mzee aliyepungua nguvu.

Hawakunisikia. Mimi nikisema jambo la maana hapa linachukuliwa kama sauti ya birika.

Bi Nukta: Nyote mmepotea. Kwani maneno yanatoka wapi? Si kwenye kibodi? Angalieni, A hii hapa, B hii hapa. Herufi zote zimo humu. Kioo hakina hata herufi moja. Kwa hiyo kazi ya binti imo humu ndani ya kibodi, yote, ila imechanganyika. Nukta.

Nakiri ilinigusa. Mzee Funguo akaichukua kibodi magotini, akaanza kuikung'uta taratibu mkononi, likatoka vumbi na kipande cha biskuti.

Kinyozi: Mzee, mvua ilinyesha, sivyo? Chumba kililowa, sivyo? Basi hiki kimepata virusi.

Injinia: Hapo kweli. Ofisini virusi viliingia siku moja, watu wakapelekwa nyumbani mapema.

Kinyozi: Virusi ndiyo kazi yangu. Mashine zangu za kunyolea nazipangusa kwa spiriti kila kichwa. Ngojeni.

Bi Nukta: Na virusi vinaingiaje kwenye kitu kisichopumua?

Kinyozi: Ni wageni. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mimi: Hiyo methali inasema mgeni ana faida.

Kinyozi: Inategemea mgeni.

Akakipangusa kioo mbele, nyuma, mpaka kwenye vitundu. Kona nzima ikanuka sindano. Mteja aliyemwacha kitini asubuhi hiyo akachungulia mlangoni na nusu kichwa chake, akaona zamu yake bado, akarudi kukaa. Kioo kikawaka, kikasema maneno yake mawili, kikazima.

Mzee Funguo: Atafika sasa hivi.

Alisema polepole, akiangalia barabara ya kituoni. Mzee huyu ameshafungua milango ya mtaa mzima iliyowashinda wenyewe. Siku hiyo alikuwa anakifunika kioo kwa shuka na kukifunua tena.

Injinia: Mzee, usihangaike. Nimeshapata. Siku hizi vitu vyote vinawekwa mawinguni.

Bi Nukta: Mawinguni wapi?

Injinia: Juu. Nilikuwa nawasikia wakipita getini: kazi iko mawinguni, picha ziko mawinguni. Sasa inueni vichwa. Mnaona nini?

Tukainua. Jua kali, anga limefagiliwa.

Injinia: Hakuna hata moja. Wiki iliyopita mvua, kazi ipo. Leo jua, ishara hakuna. Tungoje jioni kutande.

Nilimmiminia kahawa ili anyamaze. Lakini nilimwona Mzee Funguo akikinga jicho kwa kiganja, anatafuta wingu.

Bi Nukta: Kule nyumbani hakuna kitu kingine kilichobaki? Labda kuna kiungo tumekisahau.

Mzee Funguo: Lilikuwepo lile boksi la chini ya meza tu.

Injinia: Lile ni stabilaiza. Hilo tulishalimaliza.

Tulilimaliza kweli. Wiki iliyopita, siku ile ile ya mvua, aliliulizia hapa hapa: ni boksi la bati, linavuma, limejaa vumbi, hana mahali pakavu pa kuliweka. Injinia akasema ofisini kwao yalikuwa chini ya kila meza na watu wakiyakanyaga, kwa hiyo ni ya kupozea umeme tu. Kinyozi akasema linakula umeme bure. Bi Nukta akaweka nukta. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kahawa, nikasema maboksi kama hayo yanafuga mende.

Binti akatokea kona ya duka la dawa na begi mgongoni.

Binti: Shikamooni wazee wangu. Shikamoo mama. Shikamoo baba.

Tukaitikia wote, marahaba, pole na safari. Nikampa kikombe asichokiomba. Mzee Funguo alishasimama, amekishika kioo kwa mikono miwili.

Mzee Funguo: Mwanangu, paa limevuja. Lakini usiogope. Hakikulowa hata tone. Ila kimegoma, kinaleta maneno mawili tu, sijui nimekikosea wapi.

Binti alikiangalia kioo, akamwangalia baba yake, akaliona lile shuka, akacheka kwa huruma.

Binti: Baba, umekibeba mpaka huku?

Kinyozi: Kililala kitandani. Yeye chini, siku sita.

Binti: Baba jamani. Kioo ni kizima, hakina shida. Kinasema hakipokei kitu kwa sababu hakijaungwa na boksi. Boksi liko wapi? Nataka nilipeleke kwenye duka la kuchapishia sasa hivi, nilale kazi imeshatoka.

Injinia akakohoa.

Injinia: Boksi lipi, mwanangu? Ile stabilaiza?

Binti: Stabilaiza gani, mzee wangu? Lile ndilo kompyuta yenyewe. Kioo kinaonyesha tu. Kibodi ni ya kuandikia, mausi ya kuelekezea. Nilichoandika chote kimehifadhiwa kwenye diski, na diski imo mle ndani ya boksi. Hata ukilizima, hata ukilihamisha, kazi inabaki mle mle.

Alieleza kwa upole, kama anavyowaeleza hao kina mama zake dozi za dawa. Bi Nukta akaishusha kibodi benchini asiangalie mtu.

Kinyozi: Na nakala? Huwa mnaweka nakala, si ndiyo?

Binti: Ipo, kwenye flashi. Nimeiacha imechomekwa hapo hapo, nyuma ya boksi, ili nisiipoteze.

Alisema kama anayetupa habari njema. Halafu akatuangalia mmoja mmoja, na kile kicheko kikaanza kuondoka usoni.

Binti: Kuna nini?

Mzee Funguo: Kaa kwanza, mwanangu.

Binti: Nimekaa garini usiku kucha, baba. Boksi liko wapi?

Mzee Funguo: Juzi alipita yule wa mabeseni. Yule anayechukua vyuma chakavu, anakupa beseni. Nikaona nyumbani beseni lako limepasuka. Nikakuchukulia lingine. Kubwa. La bluu.

Binti akakaa. Hakulia wala hakupandisha sauti, ningependa angepandisha. Nilitamani anitukane mimi hasa, kwa sababu juzi nilikuwa hapa hapa, na yule mtu alipotandaza mabeseni yake ni mimi niliyemwambia Mzee Funguo achukue la bluu, jekundu litapauka.

Binti: Basi. Diski haifi haraka, baba. Kama hajalivunja, kazi ipo. Na kama ameliuza lilivyo, ipo pia.

Akakaza mikanda ya begi.

Binti: Yule wa mabeseni anakaa wapi?

Injinia akaanza kuipangusa beji yake. Kinyozi akaanza kukunja ekstensheni. Bi Nukta akasema "Anakaa...", akaishia hapo, bila nukta. Mtu huyo anapita kona hii kila Jumatatu, mwaka wa tatu huu. Anaegesha mkokoteni mbele ya jiko langu, anakaa kwenye benchi hilo hilo, anasikiliza ubishi wao mpaka kikombe kinaisha, anaaga, anaondoka. Wakati ule wa kuaga sisi huwa tumeshaanza ubishi mwingine.

Binti: Mkokoteni anausukumia upande gani, akitoka hapa?

Kinyozi akaonyesha kulia. Bi Nukta akaonyesha kushoto. Mzee Funguo akamshika binti yake mkono, akasema nisamehe, mama, nisamehe, mara mbili tatu, na binti akasema twende tukatafute, baba, utaniomba radhi njiani.

Nikaliteremsha birika, nikamwaga maji kwenye makaa. Nikawaambia wainuke wote: Injinia barabara ya kituoni, Bi Nukta ya sokoni, Kinyozi amalize kile kichwa kwanza halafu aende mtoni wanakopimia vyuma. Mimi nikashika njia ya nyuma ya shule. Wa kwanza niliyekutana naye alikuwa fundi baiskeli. Nikamuuliza kama anamjua mtu anayebadilisha vyuma kwa mabeseni.

— Anaitwa nani? akaniuliza.

— Sijui, nikamwambia. Ila kahawa yake hatii sukari.