Meli ya Perdebay na Mabeleshi Matano

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kutengeneza baiskeli, hapa Moynoq, pale magari ya kwenda mji wa Nukus yanapojazia abiria. Mimi ni Saparbay, wananiita Birika, kwa sababu chai ni yangu na maneno ni yao. Jumamosi ile tulikuwa wanne. Mwalimu Amangul, wa jiografia, alikuwa ametandaza ramani yake magotini. Katika mchezo wetu yeye ndiye Mwenye Dunia: anatuambia tumekutana na nini, sisi tunasema tunafanya nini, na dadu linaamua nani anapona. Kando yake alikaa Perdebay, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mchezoni ni Nahodha. Wa nne ni Jengisbay, dereva, tunamwita Redio maana hana kitufe cha kuzimia. Gari la Redio lilikwishapata abiria watatu, wawili wamo ndani wanatafuna mbegu za alizeti, wa tatu ni huyo huyo Perdebay. Halitoki mpaka apatikane wa nne. Perdebay alikuwa anapitia Nukus kwenda Aktau, huko Kazakhstan, kufanya kazi bandarini, mwaka mzima au zaidi. Mwaka juzi aliondoka mwenzetu Tolegen, akaapa atarudi kucheza, na mpaka leo hatujamwona. Bila nahodha mchezo wetu umekufa, na Amangul alilijua hilo kuliko sisi wote. Alibakiwa na muda wa abiria mmoja tu wa kumtia Perdebay hamu ya kurudi.

Amangul: Haya, nisikilizeni, nina visiwa vipya. Cha kwanza ni cha Vunjajungu. Watu warefu kama nguzo za umeme, mikono wameikunja kifuani. Ukiwasalimu leo, wanakuitikia Alhamisi.

Redio: Kama shemeji yangu.

Perdebay: Na nikichoka kusubiri, nikaondoka Jumatano?

Amangul: Wanakukata kichwa. Kwa heshima zote, lakini wanakikata.

Mimi: Basi mimi nashuka na sufuria kichwani.

Amangul: Shuka nayo, Birika. Hawana haraka, wataanzia shingoni.

Perdebay alicheka mpaka chai ikamwagika. Nikamjazia tena. Moyoni nikasema, hapo sawa mwalimu, kaza hapo hapo.

Redio: Hayo ya kitoto bwana! Andika hiki changu. Kisiwa cha Nzige. Mmoja mmoja ni watu wa kijani, wapole, wanakukaribisha ndani. Wawili, wapole. Watatu, wapole. Wa nne akikaa tu, mabega yakagusana, eh! Wanageuka weusi papo hapo! Wana mfalme, wana bendera, wanaondoka wote kwa pamoja kwenda kula kisiwa cha jirani!

Mimi: Hao si wako hao, waliomo garini?

Redio: Usinichekeshe, Birika. Mwalimu, umeandika?

Amangul: Naandika, naandika! Hebu, na anayetaka kubaki je?

Redio: Hawezi. Miguu inaruka yenyewe.

Amangul aliinua macho akamtazama Perdebay, kisha akayarudisha upesi kwenye ramani. Mimi nikajifanya natafuta sukari.

Redio: Sasa Kisiwa cha Mchwa! Hao wametafuna meli mia moja. Mbao wamemeza, misumari wametema, wamejenga mji. Malkia wao ana ukubwa wa kile kiwanda cha samaki cha zamani, amelala chali, na kila akipumua anazaa baharia.

Mimi: Acha fiksi.

Redio: Tena anazaliwa na kofia!

Perdebay: Kofia! Wee Redio wewe! Haya mwalimu, hapo hatuendi mikono mitupu. Niandikie vifaa vya meli. Nanga moja. Kamba. Mapipa ya maji. Mabeleshi matano.

Redio: Matano hayatoshi kwa meli kubwa. Weka na mbao za kutandika chini.

Amangul: Mabeleshi matano, mbao nane.

Mimi: Na vitambaa vya pua, upepo ukianza.

Amangul: Vitambaa, nimeandika. Meli gani itatushinda sasa?

Tukagonganisha vikombe. Wallahi nilijisikia nahodha na mimi. Kwenye benchi, kati ya birika na dadu, ulikuwepo mkate aliouoka mama yake Perdebay. Kwetu msafiri anauma kipande wakati wa kuondoka, mkate uliobaki unatundikwa mpaka arudi aumalize. Ule wa Tolegen bado ninao kibandani, umekuwa mgumu kama tofali, na siutupi.

Perdebay: Na mimi nina kisiwa.

Redio akaweka kikombe chini, akamgeukia.

Perdebay: Kisiwa cha Nyenje. Kule mtu hawezi kuondoka hivi hivi. Lazima kwanza ajivue ganda. Linatoka zima, uso, vidole, mpaka kovu la gotini. Yeye anaruka, ganda linabaki nyumbani. Wanaliketisha mezani kila siku, wanaliwekea chai. Meli yetu inafika, tunakuta mji mzima umejaa watu, taa zinawaka, chai inafuka moshi. Tunabisha hodi, kimya. Ni maganda matupu, mji mzima!

Redio: Loo! Nywele zimenisimama. Na wenyewe wako wapi?

Perdebay: Hapo ndipo mchezo unapoanzia. Tunawatafuta.

Amangul: Wanarudi?

Perdebay: Wewe si ndiye Mwenye Dunia?

Amangul: Nakuuliza wewe. Wanarudi, hawarudi?

Kabla hajajibu, sauti ya mwanamke ikatoka nyuma yangu.

— Gari la Nukus ndilo hili, wanangu?

Alikuwa mama wa makamo mwenye kitambaa cheupe kichwani na kifurushi cha vyakula vya harusini. Abiria wa nne. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Redio alimwona abiria asifurahi. Akaukokota mzigo taratibu kuupeleka kwenye buti, kama anayebeba jiwe. Yule mama akasimama juu ya ramani, akainama.

— Ramani nzuri hii. Ya wapi?

— Ya visiwa, mama, — Amangul akamjibu. — Vya mchezo wetu. Hapa ni kwa Vunjajungu, hapa Nzige, na hii ndiyo meli ya Nahodha.

— Na hii njano yote katikati?

— Hiyo ndiyo bahari.

Yule mama akaitazama kidogo, akauliza kwa upole tu, bila kejeli yoyote:

— Kwani bahari ni njano?

Jamani. Wiki tatu tuliikodolea macho ramani ile, penseli mbili ziliishia hapo, na hakuna aliyeona kitu. Tukageuka wote kutazama chini ya ukingo wa mji, zilikosimama meli za kutu, mchanga mpaka macho yanapoishia. Bahari ilikwisha kuondoka kabla hatujazaliwa. Nikayakumbuka yale mabeleshi ya kuchimbua meli mchangani, nikaona haya.

Redio: Mwalimu, si unawafundisha watoto kwamba ni bluu?

Amangul: Ile ya darasani ni ya kitabuni. Hii nimeichora kutoka dirishani kwangu.

Yule mama akaingia garini taratibu, akafunga mlango. Redio akakaa kwenye usukani, hata honi hakupiga.

Perdebay akauchukua mkate, akauma kipande kikubwa, akanikabidhi uliobaki. Halafu akanyoosha mkono kwa Amangul.

— Nipe penseli ya bluu, nikubadilishie haraka.

— Bluu gani? Umeiona wapi? — Macho ya Amangul yalikuwa yamejaa maji. — Sitaki ya kubahatisha. Huko Aktau ipo. Nenda kaitazame asubuhi, kaitazame na jioni, halafu uje uniambie mwenyewe ina rangi gani. Kwenye simu sipokei.

— Na mchezo?

— Meli haitoki bila nahodha wake.

Perdebay akaitikia kwa kichwa mara mbili, akapanda gari.

Gari likakata kona ya posta. Niliinua birika nimmiminie mwalimu, nikalikuta tupu. Yeye hakunitazama. Alikuwa ameshika kifutio, anafuta bahari ya njano, ameanzia pale ilipo meli, kuacha nafasi ya rangi atakayokuja nayo Nahodha.