Bi Hadubini na Seli Alizotuachia

Ndugu wafiwa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, mimi ni mdogo wa marehemu, fundi seremala, na nimesimama hapa kwa sababu mwenyewe alinichagua mapema, akasema katika familia yetu mimi ndiye mwenye sauti kubwa na maneno machache, ingawa leo sauti yenyewe imenikauka.

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimwita Bi Hadubini, alizaliwa tarehe 9 Juni 1966, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba yetu, karani wa posta, ambaye ametangulia, na mama yetu, fundi cherehani, ambaye yuko hapa mstari wa mbele, na alizaliwa katika chumba kilekile cha kushonea, uchungu ukiwa umemkuta mama akipinda suruali ya mteja.

Alianza shule ya msingi mwaka 1973, akaendelea na sekondari ya bweni, akahitimu shahada ya biolojia mwaka 1990, na tangu utoto alikuwa na tabia ya kukitazama kitu mpaka kitu chenyewe kione haya, kiwe mdudu, kovu au mgeni.

Aliajiriwa mwaka 1991 katika maabara ya hospitali kuu, akipima damu na makohozi, na tarehe 17 Desemba 1994 akafunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hisabati, aliyezoea kututania kwamba mkewe akimwangalia hujihisi amelazwa juu ya kioo cha hadubini, na wakajaliwa binti mwaka 1996 na kijana mwaka 2001.

Mwaka 2005 alihamia taasisi ya utafiti, kitengo cha kuotesha seli za binadamu, na huko ndiko alikoanza kuchunguza chembe za plastiki, zile zinazomeguka kutoka kwenye chupa, mifuko na nyuzi za nguo zetu, nyingine ndogo kuliko vumbi, ajue zinafanya nini zikikutana na mwili wa mtu.

Mwaka 2016 alifanyiwa upasuaji wa kutoa uvimbe kwenye pafu, uvimbe ambao haukuwa na ubaya wowote, akaridhia kipande cha pafu cha pembeni, kisicho na ugonjwa, kipelekwe maabara, seli zikashika, zikaota, nyingine zikagandishwa kwenye baridi kali, na baada ya mabishano marefu na mkuu wake, akaruhusiwa kuwa miongoni mwa wanaozichunguza.

Alitusimulia siku moja sebuleni kwamba alizipa seli zake chembe za plastiki zilizotiwa rangi ya kung'aa, akaona seli inajikunjua, inaikumbatia chembe, inaimeza, inaipeleka kwenye kifuko chake cha kusagia taka, inasaga, inasaga, na kitu hakisagiki, na seli nyingine zilitoa ishara za dhiki kama jirani anayepiga yowe, lakini nyingi hazikufa, na hilo ndilo lililomtisha, kwa sababu ziliendelea kuishi na mzigo ndani, na seli ilipogawanyika, kila nusu iliondoka na fungu lake.

Tangu hapo dada yetu hakuwa yule yule, aling'oa zulia na mapazia ya nailoni, kisha akayarudisha mapazia mwenyewe, na mara nyingi tulimkuta amesimama mahali jua linapopenya dirishani, akitazama vumbi linavyocheza, amebana pumzi.

Mwaka 2019 binti yake alipokuwa mjamzito alikuja kukaa naye, na mezani akamuuliza, "Mama, mbona unanitazama hivyo, kuna kitu unakijua?" Dada akajibu, "Najua zinaingia, mwanangu, ila zikikaa zinafanya nini, hilo hakuna anayelijua bado," kisha akaondoka mezani akaenda kulia bafuni, na ingawa mjukuu alizaliwa mzima wa afya, bibi yake alikuwa akimpakata na kuweka sikio kifuani pake, akisikiliza.

Mwishoni mwa mwaka 2022 alianza kukohoa na kuishiwa pumzi, madaktari wakagundua mapafu yanajaa makovu, chanzo hawakukipata, na alipokuwa kitandani alinivuta shati akaniambia, "Usije ukasimama mbele za watu ukasema plastiki imeniua, sijathibitisha," nami natii, ijapokuwa ulimi unaniwasha.

Aliaga dunia tarehe 3 Agosti 2024, asubuhi, hospitalini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Hapo ndipo mama alipokumbuka zile seli, akakataa mazishi yapangwe, akasema, "Mimi sitazika mtoto nusu," tukambembeleza, shemeji akapiga magoti, mama hakutikisika, ikabidi juzi nimpeleke maabara, ambako mwenzake na marehemu, mtaalamu aliyefanya naye kazi miaka mingi, alitoa kisahani kutoka kwenye kabati la joto, akakiweka chini ya hadubini, akamsogezea mama kiti.

Mama alitazama muda mrefu, jicho lililozoea tundu la sindano, kisha akauliza, "Ni yeye huyu?" Mtaalamu akasema, "Ni zake, mama, ziko hai." Mama akauliza tena, "Zinajua kwamba mwenyewe hayupo?" Yule mtaalamu alishindwa kumtazama, akajibu, "Hapana, mama, hazijui," na mama akasimama, akajifunga mtandio wake vizuri, akasema, "Basi msiziambie."

Ndiyo maana leo tunazika, na zile zimebaki, kazi iendelee.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania dada yetu hata pumzi yake ilipokuwa ya kuazima, majirani mliopika, mliofagia na mliolala nasi chini, viongozi wa dini, na wafanyakazi wenzake wa taasisi, hasa wewe mwenzake, ambaye tunajua ukitoka hapa makaburini utapitia kazini kuzibadilishia zile seli chakula.

Dada, wewe uliyelala mbele yetu, pumzika kwa amani, na kile chako kinachoendelea kugawanyika kwenye lile kabati, bila kujua, Mungu akitazame kwa jicho lake.