Ramani za Mgeta Nilizobadilisha Majina Tu

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wastaafu, wahusika wa kisa hiki ni wawili, nami nitawataja kwa vyeo. Wa kwanza ni mimi, niliyekuwa mtunza kumbukumbu wa ofisi ya ardhi. Wa pili ni mkuu wangu wa idara wakati ule, aliyeamuru karatasi za ramani zichomwe kabla mtu yeyote hajafungua hata picha moja ya ramani hizo kwenye kompyuta.

Ramani za mashamba ya koo kule Mgeta zilichorwa kwa kuwafuata wazee waliotembea mpakani, kutoka kijito hadi jiwe. Baadaye ziliskaniwa, zikahifadhiwa katika muundo uliosomwa na programu ya skana ile tu. Zilipoletwa kompyuta mpya, niliagizwa nizigeuze ziwe picha za kawaida. Nami, ndugu zangu, msinicheke, nilifuta herufi za mwisho za kila jina la faili na kuandika herufi za muundo mpya. Wiki tatu nzima! Kompyuta ikaweka alama ya picha kando ya kila jina, nikaridhika. Nikaandika "Kazi imekamilika", nikatia sahihi. Karatasi zikateketezwa nyuma ya ofisi.

Nilikuwa nimekwisha kustaafu bibi mmoja mjane alipoteremka kutoka Mgeta, akabisha hodi kwangu. Jirani alikuwa amelima hadi ndani ya shamba la ukoo wake. Baraza la ardhi lilidai ramani, na ofisini picha ilikataa kufunguka.

"Baba, wazee waliouonyesha mpaka wamekufa wote," aliniambia. "Walikuwa wamebaki kwenye ile karatasi. Umewaweka wapi?"

Nawaambia ukweli, ndipo nilipoacha kuhudhuria mikutano hii. Mliponiulizia, nilisingizia magoti.

Baada ya barua yangu ya nne, ofisi ilinikabidhi nakala za picha zile. Nikazipeleka mtaa wa Mafiga, kwa mama mmoja mwenye steshenari anayesafisha picha za zamani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimeharibu picha za watu."

Alizitazama, akacheka hadi akashika meza. "Mzee wangu, gunia la karoti ukiliandika viazi, linageuka? Hizi hazijaguswa. Nzima kabisa!"

"Nzima?"

"Kaa chini kwanza, usije ukaniangukia hapa."

Akarudisha herufi za zamani, akawasha kompyuta kuukuu yenye programu ya skana za aina ile, akafungua ramani ya yule bibi na kuihifadhi upya katika muundo wa kawaida. Kijito kikatokea. Jiwe likatokea. Nililia mbele ya wateja, wala sioni haya. Baraza likaiona ramani, na leo bibi yule analima shamba la ukoo wa mama zake.

Namshukuru mama wa Mafiga, na nyinyi mlioendelea kuniulizia. Funzo langu ni fupi: usithibitishe kazi ambayo hujaifungua ukaiona kwa macho yako.

Hata hivyo, nafuu yangu haifuti wajibu wa ofisi. Nadai ijibu kwa maandishi: nani alimpa mkuu yule idhini ya kuchoma, na ni lini kila ramani iliyobaki itafunguliwa mbele ya wenye mashamba. Barua hii hapa, na kosa langu limeandikwa katika aya ya kwanza. Ndugu Katibu, naomba uipokee na uigonge muhuri wa chama mbele ya mkutano huu, kabla haijapelekwa ofisi ya ardhi.