Mbegu Namba Arobaini na Saba

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Kituo chetu cha utafiti, Baba Paroko uliyetoka Nyegina kwa ajili yetu, wakulima wa Butiama, Bunda na Musoma Vijijini, wafanyakazi wenzangu, na nyinyi mliobeba viti tangu asubuhi: kila mmoja apokee salamu yangu kwa heshima yake. Ratiba imenipa dakika saba. Kwa miaka thelathini na moja mimi ndiye nimekuwa nikiwabania wengine dakika, kwa hiyo leo mnivumilie nikizidisha.

Kadi ya mwaliko inasema Flora Magesa anastaafu kazi ya kutunza sampuli. Ni kweli. Majani ya mihogo yanakuja kwenye bahasha, nayapa namba, nayapeleka maabara. Lakini je, mnajua nilichokuwa nakitafuta humo kwenye bahasha? Nilikuwa natafuta muhogo wa mama yangu.

Mama yangu, Pelagia, alikuwaga na shamba Nyegina, na ndani yake muhogo wa aina moja tu, unaoitwa Marieta. Kwa wageni niseme: kijijini kwetu mbegu ya muhogo tunaiita jina la aliyekupa. Mama alipewa na shangazi yake Marieta, basi ikawa Marieta. Ugali wake ulikuwa mweupe, haushiki vidole, tunaula na furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, mpaka baba anasahau kulalamika. Halafu ukaja ugonjwa wa batobato, ukafuata wa michirizi kahawia, shamba likaisha lote. Mwaka uliofuata mama naye akatutoka. Tangu hapo, kila ninapokula ugali wa muhogo, tonge la kwanza nalikalia kimya, nasikilizia. Siyo wenyewe. Namkumbuka mama, namkumbuka mpaka mdomoni.

Kilichobaki ni jani moja, nililolikausha kwenye karatasi mwaka 1995 nikiwa najifunza kazi.

Ndipo akaja Hezron, mtaalamu wetu wa takwimu, baba wa watoto watatu ambaye sasa hivi anajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Hezron anaandika maagizo kwa lugha ya kompyuta inayoitwa R, na kompyuta inamchorea picha. Muhogo una jozi kumi na nane za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi, kwa hiyo picha ina mistari kumi na minane. Jani la mkulima likifanana na jani la mama, kinachorwa kipande cha kijani, kuanzia sehemu fulani mpaka sehemu fulani ya mstari. Pasipofanana panabaki peupe. Picha ya kwanza ilianza na mstari wa kwanza, ukafuata wa kumi, wa kumi na moja, wa pili huko chini baada ya wa kumi na nane. Nikamwambia, "Hezron, mjukuu wangu wa chekechea anahesabu vizuri kuliko hiyo R yako." Akacheka. "Mama Flora, inazipanga kama majina, siyo kama namba. Nipe dakika mbili nitairekebisha."

Akairekebisha. Nikawa napita ofisini kwake kila siku baada ya chai. Tulianza na mbegu zote zinazoitwa Marieta, maana nilimwagiza Gody, mkusanyaji wetu, azitafute hizo kwanza. Alipata tatu. Picha zote tatu zilikuwa na weupe mwingi kuliko kijani. Mimi, niliyezaliwa ndani ya desturi hiyo, nilisahau kwamba mbegu ikipewa mtu mwingine inabadilika jina! Mwaka mzima nikatafuta jina, mbegu yenyewe nikaiacha chini kabisa ya boksi.

Siku Hezron alipochora sampuli namba arobaini na saba, mistari yote kumi na minane ilikuwa kijani, mwanzo mpaka mwisho. Akasema, "Mama, huu ni uleule, pingili kwa pingili." Nililia pale pale kwenye kiti chake. Halafu nikafungua fomu ya Gody. Mahali: Bunda. Jina la mbegu: Pelagia. Mkulima: Dorah.

Dorah alikuwa mke wa kaka yangu Mugeta. Walipoachana mwaka 2004, nilimkuta stendi anapanda gari la Bunda, ana fuko moja la nguo na mzigo wa miti ya mihogo. Nikapaza sauti mbele za watu. Nilimwambia, "Mwizi wewe, rudisha mbegu ya mama!" Aliukaza mzigo wake, akapanda. Nikarudi nyumbani kushitaki: mama, Dorah ameiba mbegu yako. Mama aliniangalia, akasema, "Mbegu ya nani, Flora?" Akaendelea kumenya. Nilifikiri uzee, na kwa Dorah nikaapa sitakanyaga kuomba hata jani.

Ndugu zangu, kwetu huwezi kuiita mbegu jina la mtu uliyemwibia. Kama inaitwa Pelagia, Pelagia aliitoa kwa mkono wake. Picha ya Hezron ilinionyesha muhogo wa mama uko wapi. Fomu ya Gody ikanionyesha mimi nilikuwa nani siku ile pale stendi.

Dorah amekaa mstari wa tatu, na wakulima wa Bunda. Ukumbi huu mzima unajua nimemwalika, hakuna anayejua kwa nini, hata yeye mwenyewe.

Wifi. Nakuita wifi, kama hutaki utanikataza. Nilikuita mwizi hadharani, nafuta hadharani. Haukuwa wizi. Bila mzigo wako ule, leo tungekuwa na jani moja kavu na picha. Nimekukumbuka miaka ishirini na moja. Nilikuwa nasema namkumbuka mama, kumbe mlikuwa wawili.

Sasa nina shamba Nyegina na mikono isiyo na kazi. Naomba pingili moja. Ukininyima, ni haki yako, na nitarudi nyumbani bila kinyongo. Ukinipa, wote hapa mnajua itakavyoitwa. Mtu akipita shambani kwangu akauliza, hii ni mbegu gani, nataka nimjibu: Dorah.

Ahsanteni sana, wote mlionipa masikio yenu leo. Ratiba imekwisha. Mimi nashuka hapa, naenda mstari wa tatu.