Obedi Ndahani na Mwani Ulioliwa kwa Ugali

Marehemu Obedi Ndahani alizaliwa Mvumi tarehe 9 Juni 1944, akasoma hapo hapo. Mwaka 1965 alikwenda Dar es Salaam kusomea kazi ya maabara. Alirudi na cheti na chupa ya maji ya bahari, akawaonjesha wazee mmoja mmoja wasije wakasema anawadanganya kuhusu chumvi yake.

Mwaka 1968 aliajiriwa maabara ya hospitali mjini Dodoma. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, dawa zikauzwa kila duka kama pipi; mtu anameza vidonge viwili, akipata nafuu anaacha. Obedi akaanza kuona kwenye sahani zake za kuoteshea vijidudu wadudu visivyosikia dawa yoyote, na jambo hilo lilimnyima raha. Aliposoma kwamba ndani ya mwani kuna vitu vya asili vinavyoweza kuviua, alimsumbua rafiki yake mfanyabiashara, Rahimu Bushiri, hadi mwaka 1994 akamletea kiroba kizima kutoka Unguja.

Alimwoa Ruthu tarehe 20 Desemba 1969. Sasa, mwani ule aliuanika juu ya bati. Mama mkwe wake, Bibi Yudith, alikuja kusalimia, akaona majani makavu, akajua ni mlenda. Akautwanga, akaupika. Jioni Obedi akatengewa utafiti wake na ugali. Mkwe hakemewi, kwa hiyo aliula wote, akamwambia Ruthu, "Mshukuru mama, chumvi imekolea." Sauti ikatoka jikoni: "Mbona chumvi sikutia?" Rahimu alicheka wiki nzima, kisha akaleta kiroba cha pili.

Mwaka 1998 marehemu alipata kidonda cha kisukari mguuni. Alipima usaha wake mwenyewe: dawa saba, zote zikashindwa. Akadondoshea maji ya mwani kwenye sahani, na kesho yake palikuwa na duara safi lisilo na kijidudu, upana wa shilingi. Ruthu alitaka kuyapaka papo hapo. "Sahani si mguu, Mama Restuta," alimkatalia. "Nikifa nimeyapaka, watasema mwani unaua, na hakuna atakayeupima tena." Sisi wa nyumbani tulimkasirikia, hatufichi. Alifariki tarehe 14 Machi 1999, daftari lake la vipimo vya mwani likiwa chini ya mto wake.

Ameacha mjane, binti yake Restuta anayesomea maabara, wana wawili, Damas na Filipo, na wajukuu watano. Daftari amekabidhiwa Restuta. Rahimu yupo hapa, amekuja na kiroba cha tatu.

Ameacha pia Bibi Yudith, aliyeketi pale mbele. Bibi, ndiyo kwanza leo unajua ulichopika. Marehemu aliagiza usiambiwe maadamu yeye yu hai, usije ukaona aibu mbele ya mkweo.

Pumzika kwa amani, Obedi. Mwani huu wa sasa tutauanikia ndani.